Silinda Kubwa Si Dawa ya Vespa

Kuna rai iliyoota mizizi katika gereji za Unguja, na vijana wanaipokea bila kuihoji: vespa ikichoka, ikashindwa kubeba watu wawili mpaka Makunduchi bila kulalama, dawa yake ni silinda kubwa. Toa ya 150, tia ya 177. Na asiyekuwa na pesa ya silinda anaambiwa akate ekzosi, avue chujio la hewa, azidishe oili kwenye petroli, nguvu zitakuja zenyewe. Nasema rai hii ni potofu. Inawamalizia vijana pesa walizozihangaikia, na inaua injini ambazo zingeishi miaka mingi. Nasema hivyo huku nikijua kwamba walioishikilia si watu wa kubezwa; wengine ni mafundi wenye mikono ya dhahabu. Lakini ufundi wa mkono haulifanyi kosa la hesabu kuwa sahihi.

Kwanza tuwape haki yao. Silinda ya kiwandani ya vespa aina ya PX 150 ina kipenyo cha milimita 57.8, na mwendo wa pistoni ni milimita 57; hapo ndipo zinapotoka zile sentimita za ujazo 150. Ya PX 125 ina kipenyo cha 52.5 kwa mwendo uleule. Silinda za chuma za 177 kutoka Italia, za Polini na za DR, zina kipenyo cha milimita 63, na zimetengenezwa makusudi ziingie kwenye kasha la 125 au la 150 bila kulikereza. Kazi ya jioni moja. Mwenye 125 akifunga 177 ataona tofauti siku hiyohiyo, na sitamkatalia, maana ameongeza ujazo kwa zaidi ya asilimia 40. Mwenye 150 ameongeza asilimia 19 tu, na wengi wa hapa petu wanaokimbilia silinda hiyo ni wenye 150.

Swali lisiloulizwa ni hili: hiyo 150 unayoing'oa, ilikuwa inatoa nguvu zake zote? PX ilianza kutoka kiwanda cha Piaggio cha Pontedera mwaka 1977, na nyingi zinazotembea hapa zimeshapita kwa wamiliki kadhaa, pamoja na ndugu zao wa LML kutoka Kanpur, India. Injini ya umri huo ambayo haijawahi kufunguliwa mpaka chini haina haki ya kuitwa dhaifu. Haijulikani ina nguvu gani, kwa sababu hakuna aliyeipima. Na kilichopotea humo ndani kwa kuvuja kinaweza kuwa kikubwa kuliko kile silinda mpya inachokiahidi.

Kosa, kwa maoni yangu, limetoka kwenye bodaboda. Vijana wengi wa leo, na mafundi wengi wa leo, wamejifunzia injini za mipigo minne. Kwenye injini ile sili ya krenki ikichoka, hasara yake ni oili inayochuruzika na sakafu kuchafuka; unaweza kutembea nayo miezi. Vespa haiko hivyo hata kidogo. Kwenye injini ya mipigo miwili kasha la krenki lenyewe ni pampu. Pistoni ikipanda, inavuta hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta viingie chini yake. Ikishuka, inavibana na kuvisukuma juu kupitia njia za ubavuni. Kila tone linalochomwa juu limepita chini kwanza. Pampu ikivuja, hakuna silinda duniani itakayoirudishia ilichokipoteza.

Sili ni mbili, na kila moja inaua kwa namna yake. Ya upande wa flaiwili ikichoka, injini inafyonza hewa isiyopitia kabureta. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na ukiachia mkono wa mafuta injini inaendelea kulia kwa juu kabla ya kushuka. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inafyonza oili ya gia: moshi mweupe mzito, plagi inalowa, na ile robo lita ya oili ya gia inapungua bila tone kuonekana chini. Dalili hizi kila mwenye vespa amewahi kuziona. Ninachopinga ni tiba yake. Dereva anakuja na injini inayofyonza hewa, anauziwa pistoni pana zaidi inayozalisha joto kubwa zaidi, sili zile zile zinabaki mahali pake. Akifika Tunguu pistoni imeshika. Kisha lawama inakwenda kwa silinda, eti ilikuwa feki.

Mzee mmoja ninayemfahamu, fundi wa vespa tangu ujana wake, ana mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya zamani yenye balbu ya mpira na saa ya mshale. Anaitumia kwa injini. Hutoa kabureta na kuuziba mlango wake kwa kipande cha bati kilichowekewa mpira wa tyubu. Tundu la ekzosi hulifunga kwa kizibo cha mpira. Pistoni huishusha chini kabisa ili juu na chini pawasiliane. Kisha hufungua plagi na mahali pake akafunga mpira wa balbu. Anabonyeza mpaka mshale ufike 300, ambayo ni kama 0.4 bar, halafu anaacha na kutazama. Mshale ukitulia kwa dakika kadhaa, injini nzima. Ukianza kurudi, anachukua brashi na povu la sabuni, anapaka chini ya silinda, juu penye kichwa, nyuma ya flaiwili, mpaka povu lipige mapovu mahali. Upande wa klachi hauonekani kwa nje, kwa hiyo anafungua nati ya kujazia oili ya gia na kutandaza utando wa sabuni juu ya tundu lake. Utando ukivimba kama puto, sili ya ndani imekufa.

Nilikuwapo siku kijana alipomletea vespa yake akitaka afungiwe 177. Mzee alipima kwanza. Utando ulivimba.

"Mwanangu, silinda hii hujaitumia bado," alimwambia.

"Babu, mbona imechoka sana?"

"Haikuchoka. Inavuja. Kanunue sili zote mbili, beringi za krenki na seti ya gasketi, pesa nyingine rudi nayo kwa mama yako."

Kazi ya kufungua injini mpaka kati si ndogo, na ndiyo maana wengi wanaikwepa. Lakini sili, beringi na gasketi kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya silinda ya Kiitalia. Ukishafungua, chukua ringi uisukume ndani ya silinda peke yake, uinyooshe kwa kichwa cha pistoni, upime pengo la ncha zake kwa filageji. Ringi mpya ina pengo la robo ya milimita hivi. Ukikuta pengo linakaribia milimita nzima, umeshajua mgandamizo wako ulikuwa unatorokea wapi. Silinda ya kiwandani ni ya chuma, inakerezwa na kufungwa pistoni ya ovasaizi kwa hatua ya sehemu mbili za kumi za milimita kila mara, na ujazo hauongezeki kwa kiasi cha kutajwa. Kinachoongezeka ni mgandamizo, na mgandamizo ndio uliokuwa umepotea.

Sasa hii habari ya kuvua chujio. Wanasema injini ipumue. Barabara zetu za ndani, ukishaacha lami, ni vumbi la mawe ya chokaa, laini kama unga na kali kama msasa. Kwenye vespa vumbi hilo halikwaruzi pistoni peke yake. Injini hii haina vali ya kuingizia. Bawa la krenki lenyewe ndilo linalofungua na kufunga mlango, likipita karibu kabisa na uso uliochongwa ndani ya kasha, na kinachoziba nafasi iliyobaki ni utando mwembamba wa oili. Chembe ya mchanga ikipita hapo inachora mstari. Mistari ikizidi, mchanganyiko unarudi nyuma kwenye kabureta kila pistoni inaposhuka, injini inakuwa ngumu kuwaka na inatema petroli. Uso ule ni sehemu ya kasha, haununuliwi dukani kama spea. Yaani mtu amevua chujio ili apate nguvu, akaharibu kitu kimoja kwenye injini ambacho pesa kidogo haiwezi kukirudisha. Anayetaka hewa zaidi atoboe chujio lenyewe kitundu kimoja juu ya jeti kuu, apandishe jeti saizi moja au mbili, na chujio libaki kazini. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanaojua kabureta ya Dell'Orto ya SI.

Kukata ekzosi ni kosa kubwa zaidi, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linageuza sauti kuwa ushahidi. Injini ikilia sana, watu wanaamini inavuta sana. Kwenye injini ya mipigo miwili ekzosi ni sehemu ya injini sawasawa na pistoni. Tundu la moshi na njia za kuingiza mchanganyiko huwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu ya mchanganyiko mpya hukimbilia nje kabla haujachomwa. Kinachouzuia ni wimbi la msukumo linalokwenda mpaka ndani ya ekzosi, likagonga sehemu inayobana, likarudi kwa wakati kuusukuma mchanganyiko uingie tena kabla tundu halijafungwa. Ukikata ekzosi, wimbi halina pa kugonga. Kelele unayoisikia ni petroli yako ikiondoka.

Aliyeikamilisha elimu hii hakuwa na pesa. Walter Kaaden alikuwa mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni na hata wa vyuma bora. Hakuweza kushindana na Wajapani na Wataliano kwa bajeti, basi akashindana nao kwa kipimo. Alichunguza mawimbi ndani ya ekzosi, akalinganisha urefu wa bomba, upana wake na mahali panapobana, na vali yake ya kuingizia ilikuwa sahani inayozunguka, jamaa wa karibu wa bawa la krenki la vespa. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, kiwango ambacho hakuna injini isiyosukumiwa hewa kwa mashine iliyokuwa imekifikia. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi akiwa na siri hizo, akazipeleka Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa daraja la 50. Ujazo haukuongezwa hata sentimita moja. Sisi tunaosema hatuna pesa ndio tulipaswa kuwa wanafunzi wake wa kwanza.

Simwambii mtu mwenye vespa ya kwendea kazini afunge ekzosi ya mbio. Bomba la namna ile linatoa nguvu zake kwenye mizunguko ya juu na kuacha chini pakiwa pakavu, na mwenye abiria na gunia la unga mbele anahitaji nguvu za chini. Ninachomwambia ni kwamba ekzosi ya kiwandani iliyojaa masizi ya miaka inanyonga injini bila yeye kujua. Ing'oe, ichome kwa moto, igonge, itikise masizi yatoke. Kwangua na mdomo wa tundu la moshi kwa kijiti cha mbao ili usikwaruze pistoni. Gharama yake ni gasketi na nusu siku.

Oili nitaipitia haraka. Wanazidisha wakiamini inalinda. PX inataka asilimia 2, mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Jeti hupitisha kiasi kilekile cha majimaji. Ukitia oili mara mbili, petroli inayopita imepungua na mchanganyiko umekuwa mkavu zaidi, pamoja na masizi mara mbili kwenye ekzosi uliyoisafisha jana. Ubora wa oili unastahili pesa yako. Wingi wake haustahili.

Mahali penye nguvu za bure, au zinazokaribia kuwa za bure, ni juu ya pistoni. Chukua waya laini wa lehemu, uupenyeze kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, kisha zungusha flaiwili kwa mkono pistoni ipite juu kabisa na kuubana. Uvute, upime ncha iliyobanwa kwa kalipa. Hiyo ndiyo nafasi iliyobaki kati ya ukingo wa pistoni na kichwa. Kwenye PX za kiwandani mara nyingi ni zaidi ya milimita 2. Ikiletwa kwenye milimita 1.2 mpaka 1.5, mchanganyiko unakamuliwa kutoka pembeni uende katikati penye cheche, unawaka upesi na sawasawa, na mgandamizo unapanda. Kazi hii inafanywa na mkerezaji yeyote makini kwa kupunguza uso wa kichwa cha silinda, na malipo yake hayafanani kabisa na bei ya silinda mpya. Kisha hakiki cheche: kwa 125 na 150 za elektroniki inatakiwa ipige digrii 18 kabla pistoni haijafika juu. Nimeona vespa nyingi ambazo sahani ya koili imefungwa kwa makisio ya jicho baada ya kubadilishwa waya, na mwenyewe anatafuta silinda.

Wenye rai ile wana hoja moja ambayo sitaipuuza. Wanasema vipimo ni vya watu wenye vifaa na wakati, na fundi wa kawaida ana foleni ya wateja mlangoni. Vifaa nimeshavitaja: balbu ya presha, waya wa lehemu, filageji, kalipa, sabuni. Diski ya digrii, ya kupimia cheche, inachapishwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye kadibodi. Kuhusu wakati, naukubali ugumu wake, ila huo ni ugumu wa biashara ya gereji, na mteja asiulipie kwa kuuziwa kitu ambacho hakikuwa ugonjwa wake. Mteja naye ana sehemu yake ya lawama, kwa sababu yuko tayari kulipia kitu kinachong'aa ndani ya boksi na anaona uchungu kulipia saa mbili za kupima. Fundi akitoza kipimo chake kama kazi halali, na alipwe.

Wapo pia wanaosema injini hizi zimepitwa na wakati, moshi wake ni kero, bora zife. Moshi wa bluu unaofunika barabara ya Amani asubuhi ni sili zilizokufa, oili iliyozidishwa na jeti zisizolingana. Vespa iliyozibwa na kupimwa haitoi moshi ule, na hunywa petroli kidogo zaidi.

Inawezekana umeyafanya yote haya na bado unataka 177, labda kwa sababu injini yako ni 125 na kila siku unabeba watu wawili. Basi inunue, sasa una haki nayo. Lakini usiifunge kama kofia. Njia za ubavuni za silinda ile ni pana kuliko midomo ya kasha lako, kwa hiyo ukiiweka juu tu, itakuwa inapumua kwa koo la 125. Weka gasketi ya chini juu ya kasha, chora mpaka wake, na chonga kwa tupa ndogo mpaka midomo ilingane, huku krenki umeifunika kwa tambara lililolowa ili chembe zisiingie. Usikaribie uso ule ambao bawa la krenki hupita. Tia springi ngumu zaidi za klachi, la sivyo itateleza na utadhani silinda haina nguvu. Angalia koki ya tangi na mpira wake, maana injini pana inayonyimwa petroli katika mwendo mrefu ndiyo inayoshika. Kaza breki za mbele na za nyuma, badilisha viatu vyake kama vimekwisha, kabla ya siku ya kwanza ya majaribio.

Jeti kuu ya kabureta ya 20/20 kwenye injini ya kawaida iko karibu na 100. Usianzie hapo. Anza juu, zaidi ya 110, injini ilie nzito kama imeshiba. Tafuta barabara tupu, iache ipate moto, kisha uende kwa mkono uliojaa kwa kilomita moja kwenye gia ya tatu, bana klachi, zima papo hapo bila kuachia mafuta taratibu, simama ufungue plagi. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, shuka ukubwa mmoja na urudie. Ikifika rangi ya kahawa, acha hapo. Ikionekana nyeupe, usiendeshe mpaka nyumbani. Badilisha jeti palepale barabarani.